Shemeji Alipoisifu Injini

Oberdan Zauli hakuwa mtu wa kujishusha, na ukweli usemwe, hakuwa na sababu. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi katika chumba cha majaribio cha kiwanda cha pikipiki, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusikiliza. Injini inafungwa juu ya meza ya chuma, inawashwa, inakamuliwa mpaka inalia, naye amesimama pembeni, mikono nyuma, kichwa kakilaza upande. Halafu anasema, "Vali ya moshi imebana," au, "Hii irudi ilikotoka, beringi ya pili imeliwa." Wakifungua, ni vilevile. Wahandisi wenye vyeti ukutani walikuwa hawaandiki kitu mpaka yule mtoto wa mfuga ng'ombe kutoka kijiji cha Pieve del Rio afungue mdomo. Bonde zima la Lamone lilikuwa linalijua sikio la Oberdan, na hakuna aliyelijua zaidi ya Oberdan mwenyewe.

Alipostaafu alihamia chini ya nyumba yake, mahali palipokuwa zizi la baba yake. Pete za kufungia ng'ombe bado zilikuwa ukutani, akazitundikia cheni na spana. Alikuwa na mashine ya kukerezea iliyoingizwa kwa kuvunja ukuta, gogo la kugongea bati lililochimbwa katikati kama kinu, na redio. Redio hiyo mkewe, Derna, alikuwa anaisikia mpaka jikoni, na kila mwaka aliisikia zaidi. Derna aliliweka hilo moyoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa habari za gereji alikuwa hana hata hayo machache.

Walikuwa na mtoto mmoja, Iride, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfinyanzi wa sahani na vyungu kule Faenza. Mfupi, mabega mapana, mikono ya kazi. Miaka sita mfululizo alikuwa akishiriki mbio za kupanda kilima ambazo kijiji hufanya kila Septemba, za pikipiki kuukuu peke yake, na miaka yote sita alipanda pikipiki za kuazima. Zote zilikuwa ndefu kwake. Akisimama, ncha za vidole tu ndizo zinazogusa lami, na watu wanacheka. Jumapili moja, wakiwa mezani, akasema, "Baba, nitengenezee ya kwangu. Inayonitosha."

Oberdan aliendelea kukata nyama yake kama vile hakuna kilichosemwa. Lakini Derna aliona kisu kinakata sahani tupu. Mtu huyu alikuwa amesubiri ombi hilo tangu binti yake alipojifunza kusimama.

Fremu waliipata katika banda la kuku la mjane mmoja ng'ambo ya mto, ya mwaka hamsini na sita, kuku wamelalia tangi mpaka limeoza. Injini ilikuwa imefunikwa gunia, na ilikuwa nzima. Kazi ikachukua majira mawili ya baridi. Oberdan aliikata fremu na kuishusha, akaichomelea upya, akamketisha Iride juu yake mara kumi na moja huku akimpima magoti kwa kamba kama fundi cherehani. Tangi alilifinyanga kwa nyundo ya mbao juu ya lile gogo, bati la alumini kipande kimoja kila upande, pigo kwa pigo, mpaka likawa na mabega. Pistoni aliikereza mwenyewe, ya kichwa kirefu, ili injini ibane zaidi na itoe nguvu ambayo walioiunda hawakuiota. Derna alishona siti ya ngozi bila kuuliza ni ya nini. Na Iride, mwisho kabisa, alichora kwa brashi yake ya udongo jicho moja la unyoya wa tausi ubavuni mwa tangi, dogo kama sarafu.

"Zuri?" akamuuliza baba yake.

"Si baya," alisema Oberdan, na kwa Oberdan hiyo ilikuwa hotuba.

Hapa sina budi nikueleze tabia moja ya Pieve del Rio, la sivyo utadhani wale watu ni maadui. Pale hakuna anayeisifu injini ya mwenzake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wao wanaamini injini ni hivyohivyo, ukiisifu itavunjika kwa kiburi. Kwa hiyo wanaitukana. Ukiwasha injini mpya, wanaume wanakuja na viti vyao, na divai, na matusi yaliyopikwa wiki nzima, na mwenye tusi tamu kuliko yote ndiye anayemiminiwa kwanza. Injini husifiwa siku moja tu, siku inapokufa. Pistoni ikishatoboka, wanakuja kimya, wanavua kofia, mmoja wao anasema, "Ilikuwa injini nzuri." Wanakunywa glasi moja moja, wanakwenda zao.

Basi siku ya kuiwasha, mwezi wa nne, walikuja wote. Oberdan akapiga kiki mara mbili, ya tatu ikashika. Sauti nzito ikajaa zizi lote, ikampanda kutoka nyayo hadi kifuani, naye akafumba macho. Ilikuwa tamu. Moyoni alisema, sijapoteza kitu.

"Mwiteni daktari wa mifugo," alisema Fausto, mwoka mikate. "Huyo ng'ombe anazaa."

Wakacheka. Mwingine akasema kama ni mashine ya kusaga nyama yeye ataleta nyama. Ndipo akasema Vanes. Huyu Vanes alikuwa kaka yake Derna, kinyozi mstaafu, na ujanani alipanda pikipiki za mbio mpaka mkewe alipozificha buti zake. Alikuwa ameinamisha kichwa, hacheki.

"Inagonga, shemeji," alisema. "Kama kokoto ndani ya kopo."

"Asante, shemeji," alijibu Oberdan, akimmiminia. "Na kichwa chako kinagonga tangu sitini na nane, lakini mkeo hajakurudisha dukani."

"Nasema inagonga."

"Nami nasema kunywa."

"Kokoto?" alidakia Fausto. "Mimi nasikia bisi zinakaangwa." Zizi zima likaangua kicheko, Vanes naye mwisho akacheka, kwa sababu utafanyaje. Tusi la kokoto likashinda siku hiyo.

Na kokoto zilikuwapo. Kila mwenye masikio alizisikia. Injini ilikuwa inagonga kweli, ule mlio mwembamba wa juu unaotoka pale petroli inapokuwa kidogo, hewa nyingi, na cheche inawaka kabla ya wakati wake. Ukiupuuza, joto linapanda, pistoni inayeyuka, injini inashika gurudumu la nyuma kama mtu aliyeshika mwizi. Oberdan alikuwa anayajua hayo kuliko kijiji kizima. Mwaka sabini na nne injini ilimfanyia hivyo katika kona ya tatu ya kilima hikihiki, juu ya korongo, na nyonga yake ya kushoto mpaka leo hutabiri mvua. Lakini yeye alikuwa anaisikia ile sauti nzito tu. Ile nyembamba ilikuwa imemtoka.

Ilianza na nyenje. Kiangazi kimoja walinyamaza, na Oberdan akawalaumu wenye mashamba ya mizabibu kwa madawa yao, akawaandikia hata barua kali. Kiangazi cha tatu, wako nje na Derna wanakula, Derna akajishika kichwa, akasema, "Hawa nyenje leo wataniua." Oberdan akatazama miti. Ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Akaelewa. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini yeye alijipa moyo: nyenje ni nini bwana, nani amewahi kulipwa kwa kusikia nyenje?

Kwa hiyo kiangazi chote alichokoza ile injini kwa kiburi chake chote. Akaweka jeti ya petroli yenye tundu dogo zaidi. Akaiwahisha cheche zaidi, maana kila alipoiwahisha ile sauti nzito ilikuwa inamkolea kifuani. Iride alikuwa akirudi majaribioni, jasho linamtoka.

"Baba, inachoma mapaja. Na pale juu inakata pumzi."

"Mpya hiyo, bado inajikaza."

"Mjomba Vanes anasema inagonga."

"Mjomba wako anasema hivyo kwa kila kitu kinachowaka, mpaka jiko."

"Tuitazame plagi, basi. Rangi yake itasema."

"Plagi," alisema Oberdan, "ni ya watu wasio na masikio."

Sikio la kufa halisikii dawa. Iride akaisukuma pikipiki ndani. Angebishana na nani? Hata yeye alikuwa anasikia vikokoto vile, tena vizuri, lakini amekulia chini ya sikio lile, na kama lenyewe limesema hapana, basi huenda ndivyo injini ya pistoni ndefu inavyolia.

Siku ya mbio ilikuwa Jumapili, jua la saa nne, uwanja wa kanisa umejaa pikipiki na moshi na harufu ya piadina, ile mikate bapa, zikipakwa mafuta. Watu waliovaa ngozi walitembea kama bata. Iride alipewa namba kumi na saba. Zilibaki dakika arobaini, na alikuwa anaipasha injini moto, anaibana na kuiachia, huku wanaume wa Pieve del Rio wamemzunguka wakitimiza wajibu wao.

"Iride, hiyo ukifika nayo juu, mimi nashuka kwa magoti," alisema Fausto.

Oberdan alisimama kati yao, mikono nyuma, kichwa upande, ameridhika. Nyuma yake alisimama Vanes. Tangu asubuhi alikuwa hajatukana kitu. Alikuwa anausikia ule mlio, sasa si kokoto tena, ni misumari, na kila akimtazama Oberdan anamwona anatabasamu. Vanes alimjua mtu huyu kwa miaka hamsini. Anapenda sifa, ndiyo. Mjinga, hapana. Injini ikigonga namna ile angekuwa ameshaizima kwa teke. Kwa hiyo Vanes akasogea karibu na sikio la kulia la shemeji yake, akasema taratibu, kwa sauti nyembamba ya mluzi mluzi:

"Oberdan, divai yako ni maji ya kuoshea glasi."

Oberdan hakugeuka. Mtu ambaye kwa neno hilo angempiga hata askofu, aliendelea kutabasamu.

Hapo Vanes akajua kwamba mtu huyu hasikii. Akazunguka mbele, akasimama mahali ambapo Oberdan ataona midomo yake. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema. "Ni injini nzuri."

Fausto alinyamaza akiwa na neno mdomoni. Oberdan alitazama ile kofia, akatazama kipara cha shemeji yake kinavyong'aa juani. Hakuna mtu Pieve del Rio angefanya mzaha wa namna ile. Hata Vanes. Hata akiwa amelewa.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema ni injini nzuri. Sijapata kuona nzuri kama hii. Nasema hivyo mbele ya watu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne. Nilikwambia."

"Uliniambia kama unavyoniambia kila siku ya Mungu."

"Na mimi ningekwambiaje, Oberdan? Sina maneno mengine. Hapa nani anayo?"

Oberdan alimtazama binti yake. Alikuwa anafunga kamba ya kofia ngumu, na lile jicho la tausi lilikuwa karibu na goti lake. Kona ya tatu ilimjia yote, mlio wa mpira kwenye lami, ukingo, chokaa nyeupe ya korongo ikija juu. Nyonga ikamuuma kana kwamba ni jana. Alipenda sikio lake, jamani. Alilipenda kuliko alivyopaswa. Lakini kuna mizani ambayo mtu hahitaji kuitazama mara mbili.

"Zima," alisema.

"Baba, nimebakiza dakika thelathini na—"

"Zima, mwanangu. Mimi sisikii." Akalirudia kwa nguvu, kichwa juu, kama aliyekuwa akitangaza cheo chake. "Sisikii. Nyenje, mlio wa birika, na hii. Mwaka wa nne sasa. Yeyote mwenye neno aliweke mpaka jioni, maana sasa hivi nina kazi. Fausto, plagi ya moto hushikwa kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa," alisema Fausto, akivua aproni.

Plagi ilitoka nyeupe kama unga, na juu ya weupe vidoa vidogo vya kijivu, mfano wa pilipili manga. Vidoa vile ni pistoni yenyewe, inaanza kuondoka kidogo kidogo. Oberdan akamulika tochi ndani ya tundu. Kichwa cha pistoni kilikuwa kimeparuzika, lakini hakijatoboka. Akaachia pumzi. Kisha akapiga magoti, nyonga na yote, na kuanzia hapo hakuna aliyemwonea huruma, kwa sababu mikono yake haikuwa mikono ya kuonewa huruma. Kabureta ikafunguka, jeti ndogo ikatoka, kubwa ikaingia. Cheche akaichelewesha kwa unene wa ukucha. Hakuuliza kitu, hakutafuta kitu, alinyoosha mkono na spana ilikuwapo. Vanes alikuwa anampa.

"Washa," alimwambia Iride. "Tia gia, shika breki ya nyuma uibane, ipate kazi."

Nyuma ya gurudumu wakasimama wanaume wanne wamemshikia pikipiki. Oberdan akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya kichwa cha silinda, na mpini wa mbao akauuma kwa meno. Waliokuwa mbali walidhani mzee kapata kichaa. Akafumba macho. Na zikamjia, katika mifupa ya taya, zile kokoto, moja moja, wazi kabisa kama zamani katika chumba cha majaribio. Machozi yakamtoka, naye akayaacha.

Akamwonyesha Vanes kwa vidole: chelewesha tena. "Na wewe?" alimuuliza Iride, bisibisi bado mdomoni.

"Bado. Kidogo." Iride alikuwa amevua kofia ngumu, kichwa kakilaza upande, vilevile kama baba yake. "Bado. Hapo. Imeacha."

Meno ya Oberdan nayo yalisema imeacha.

Zilibaki dakika sita. Iride akamshika baba yake mkono uliojaa grisi.

"Sasa niambie. Niende au nisiende? Usinijibu kigereji. Nijibu mimi."

Oberdan alichelewa kujibu, na kuchelewa huko ndiko kulikomfanya Iride amwamini.

"Nenda. Injini imeumia, lakini haitakufa leo. Panda taratibu mpaka kona ya tatu. Ukisikia kokoto hata moja, shika klachi, simama, rudi kwa miguu. Usijiulize baba angesemaje. Sikio ni lako."

Namba kumi na saba ikaondoka. Oberdan aliifuata kwa masikio mpaka nyumba ya mwisho, kisha ikamtoka. Wenzake walikuwa bado wanaisikia. Aliona vichwa vyao vinageuka pamoja, kushoto, kulia, vikifuata barabara ambayo yeye hana tena. Alibaki peke yake katikati ya watu mia tatu. Ndipo mkono wa Vanes ukamtua begani. Kidole kikagonga: gia ya pili. Kikagonga: ya tatu. Kona ya kwanza, kidole kikarudi chini, kikapanda tena. Kona ya pili. Halafu kidole kikatulia.

Kilitulia muda mrefu. Oberdan hakuthubutu kumtazama shemeji yake usoni. Alitazama viatu vyake.

Kidole kikagonga. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, kwa nguvu, mpaka bega likauma.

Iride alikuwa wa kumi na moja kati ya arobaini. Aliporudi uwanjani, na miguu yake yote miwili ikakanyaga lami bapa, nyayo nzima, wanaume wa Pieve del Rio walimzingira. Oberdan alibaki nje ya duara, karibu na Derna, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama na kikapu cha chakula bila kukifungua. Kelele zilikuwa nyingi, midomo yote inakwenda kwa pamoja, na yeye hakuambulia neno.

"Wanasemaje?" aliuliza.

Derna akamsogelea, akamwekea mdomo sikioni, akapaza sauti kama ilivyotakiwa apaze miaka mitatu iliyopita.

"Fausto anasema inakoroma kama nguruwe mwenye mafua. Yule mrefu pale anasema kaona punda wazima zaidi machinjioni. Na kaka yangu anasema ungeiacha kulekule bandani kwa kuku, huenda ingetaga."

Oberdan alivua miwani, akaifuta kwa shati lenye grisi, ikazidi kuchafuka.

"Hakuna aliyeisifu?"

"Hakuna, mume wangu," alisema Derna. "Hata mmoja."